Rizavu Alikuwa Anauliza Mara Mbili

Kanisa letu lina madirisha manne upande wa barabara, na chini ya lile la mwisho kuna jiwe. Si jiwe la maana, lilibaki tu wakati wa kujenga msingi na hakuna mtu alijisumbua kulitoa. Hapo ndipo Rizavu alikuwa anakaa kila Jumapili, mgongo kwa ukuta, bunduki juu ya magoti, kitabu cha nyimbo juu ya bunduki. Bunduki haiingii kanisani, hiyo ilikuwa sheria ya wazee wa kanisa. Na bunduki haiachwi peke yake, hiyo ilikuwa sheria ya serikali. Sasa mtu wa sheria hizo mbili anakaa wapi? Anakaa nje.

Mimi niko kwaya, na kwaya inakaa karibu na dirisha hilo. Kwa hivyo kabla sijamjua vizuri nilijua sauti yake. Ilikuwa inaingia chini ya zetu kama mtu anasukuma kabati kwa chumba kingine. Mwalimu wa kwaya alikuwa anasema tuko na besi watatu na nusu, na hiyo nusu ni yeye, kwa sababu nusu ya sauti inabaki nje. Siku ya meza ya Bwana mzee mmoja alikuwa anampitishia mkate na kikombe dirishani. Mvua ikinyesha, Rizavu alivua koti akafunika bunduki, yeye akanyeshewa. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nisidanganye.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui vizuri, na hata ningejua sioni itasaidia nini. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hataki kuitwa. Ukimwita kwa jina alikuwa anashtuka, anageuka haraka, halafu anasema polepole, "Niite Rizavu." Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni maringo ya cheo. Cheo gani sasa? Rizavu ni raia tu, mkulima, amepewa bunduki ya serikali alinde kijiji. Kwetu huku chini mpakani, mahali mahindi yanaisha na uwanda wa malisho unaanza, polisi wako mbali na wezi wa ng'ombe wako karibu. Kwa hivyo tuko na marizavu. Walikuwa watano. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wao, na ndiye peke yake alikuwa hanywi.

Kitu kilikuwa kinanimaliza kwa huyu mzee ni kuuliza kila kitu mara mbili. Unakutana na yeye kisimani, anakusalimu kwa Kimeru.

"Muga, mwari. Mama amepona?"

"Amepona."

"Mama amepona?"

"Si nimesema amepona!"

"Haya. Mtu huuliza mara mbili."

Kila mtu kijijini alijua hiyo. Watoto walikuwa wanamfuata nyuma wakiigiza, "Umekula? Umekula?" na yeye anawajibu kwa upole kwamba amekula, anarudia kwamba amekula. Mimi sina subira, mama huniambia hata uji naufukuza, basi ilikuwa inaniuma kusimama hapo na mtungi kichwani nikijibu jambo moja mara mbili kama niko kortini. Siku moja nikamwambia wazi, "Rizavu, masikio yako ni mazima. Kwa nini usisikie mara ya kwanza?" Akaniangalia. Akasema, "Mimi nasikia. Shida ni yule mwingine, pengine hajasikia." Halafu akaenda, na mimi nikabaki nikiona amejibu swali lingine kabisa.

Ya pili ilikuwa kengele. Huku kwetu ng'ombe anayeongoza anavaa kengele shingoni, na kila boma linajua mlio wa kengele yake. Wezi wakishapata ng'ombe, kitu cha kwanza wanaziba kengele na nyasi, ndio watembee kimya. Hata mtoto wa darasa la pili anajua: kwato bila kengele ni wizi. Rizavu alikuwa anazunguka maboma yote akikagua kengele. Iliyopasuka alienda nayo kwake, akairudisha imepigwa riveti. Akikuta mtu ameziba kengele kwa sababu yoyote, ati inasumbua mtoto mchanga, ati ndama anaogopa, huyo mzee mpole alikuwa anageuka mtu mwingine. Niliona akimfokea jirani yetu mpaka mate yakamtoka. "Toa hiyo nyasi! Toa sasa! Unataka kuzikwa?" Jirani alisema baadaye, bunduki inamfanya mtu awe na kichaa kidogo.

Pengine. Lakini huyo mwenye kichaa ndiye alikuwa anaogopa bunduki yake kuliko sisi wote. Marizavu wengine walikuwa wanaingia nazo hotelini, wanazisimamisha kwa ukuta kama miavuli, wanaitisha chai. Yake hakuna mtoto aliigusa hata kamba. Alikuwa anaifungua mchana juu ya gunia, anaipangusa, anaifunga, na uso wake wakati huo ulikuwa kama wa mtu anayeosha mgonjwa. Mke wake alirudi kwao upande wa Embu zamani. Siku moja nilimuuliza sababu, mimi huwa nauliza tu, na hakukasirika. "Ilikuwa inalala katikati yetu," akasema. "Mwanamke akasema, chagua upande wa kugeukia. Sasa nikachagua nini? Haiachwi." Watoto hawakupata. Jikoni kwake kulikuwa na kikombe kimoja. Niliona, maana nilitumwa huko na unga, na aliponipa uji alinipa katika hicho na yeye akangoja nimalize.

Na bado ukimwambia airudishe alikuwa anakataa kabisa. "Nikirudisha, nani atakaa pale korongoni wezi wanapopitia asubuhi? Wewe?" Tulikuwa tunalala kwa sababu yeye hakulala.

Kisha Mama Kendi. Mama Kendi ni mjane, boma lake linapakana na la Rizavu. Bwana yake alipigwa risasi na wezi pale korongoni nikiwa darasa la nne, alfajiri, na nakumbuka nduru za Mama Kendi kabla ya kengele ya shule. Tangu hapo Rizavu ndiye alimlimia, ndiye alimpalilia, na kila Jumamosi aliweka kuni langoni mwake, mzigo umefungwa vizuri, bila kubisha. Mama Kendi alikuwa anatoka mbio na kikombe: "Rizavu! Chai!" Na yeye ameshafika mbali, anapunga mkono. Hajawahi kuingia kwa nyumba hiyo hata siku moja. Wanawake walikuwa wanamtania Mama Kendi kwamba bwana harusi anaogopa mahari. Naye anacheka, anasema, "Huyo? Huyo ameoa chuma." Lakini nilimwona akipanga hizo kuni. Alikuwa anazipanga kama sahani.

Sasa nifike kwa ile siku.

Lilitoka tangazo la mkutano mjini Meru, katika ukumbi mmoja upande wa Kinoru. Mkutano wa jamii wa kuzuia mauaji ya risasi. Watu wa projekti fulani ya amani ndio waliita, na ikasemekana wakitoka hapo watapendekeza bunduki za marizavu zirudishwe. Huku kwetu ikawa moto. Wale hawataki zirudi wakaunda kamati, wakachagua mwenyekiti, mchuuzi wa mbuzi mwenye sauti ya kutosha soko mbili. Wakaamua kwenda wote kwa lori, na mabango, na taarifa ya kusomwa. Taarifa wakanipa mimi niandike kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Niliringa sana. Niliona hii ndiyo mara ya kwanza mtu anahitaji kitu kilicho kichwani mwangu.

Ilikuwa niandike kwa sauti ya Rizavu, kwa sababu ndiye watu waliheshimu. Nikaenda kwake nikamsomea. Kulikuwa na mstari niliupenda kuliko yote: "Katika miaka yangu yote na bunduki hii, sijawahi kumpiga mtu asiye mwizi."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Toa hiyo."

"Lakini Rizavu, hiyo ndiyo inashika watu! Ukitoa hiyo hakuna kitu imebaki!"

"Toa, mwari."

Nikasema sawa. Sikutoa. Nilifika nyumbani nikanakili taarifa yote kwa wino mweusi na mstari huo nikauacha, nikijiambia ni unyenyekevu wa wazee, wanaona haya kusifiwa. Mwenyekiti aliposoma alinipiga begani. "Hapa umetupa risasi," akasema.

Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na meza na afisa wa polisi ameketi. Marizavu wanaweka bunduki hapo, wanatia sahihi, wanaingia. Wanne waliweka. Rizavu akakataa. Mwenyekiti akamsihi, "Mzee, ni ya saa mbili tu! Wewe ndio msemaji!" Akasema haiachwi. Akazunguka nyuma, na hata huko akapata dirisha lake, akasimama nje yake. Mwenyekiti akatema mate chini, akasema basi atasoma yeye.

Ndani kulikuwa na kelele. Sisi tulikaa upande mmoja na mabango yetu, "Bunduki ndiyo mlango wetu", "Tusirudishwe kaburini". Upande ule mwingine walikaa watu waliopoteza jamaa zao kwa risasi, wamenyamaza. Mkutano uliendeshwa na msichana mmoja wa projekti, si mkubwa sana kwangu. Mwenyekiti hakumngoja amalize salamu.

"Dada, samahani. Ng'ombe yako iko wapi?"

"Sina ng'ombe, mzee."

"Iko! Iko kwa paketi ya maziwa!" Upande wetu ukaanguka kwa kicheko. "Usiku ukiingia unafunga paketi kwa friji. Sisi tunafungia wapi?"

Msichana akangoja tumalize kucheka. "Ni kweli, maziwa yangu ni ya paketi," akasema. "Na kaka yangu alipigwa risasi stendi akingoja gari. Aliyempiga alisema alifikiri ni mtu mwingine. Sijakuja kuwacheka, mzee. Soma taarifa yenu."

Mwenyekiti akasoma. Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika. Alipofika kwa ule mstari akainua mkono kuonyesha dirishani, "Sijawahi kumpiga mtu asiye mwizi!" na watu wetu wakapiga makofi, wakapiga viti. Mimi niliangalia dirishani. Rizavu alikuwa ananiangalia mimi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Ndipo Mama Kendi akasimama. Hakuwa kwa orodha yetu, alisimama tu, na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili.

"Mimi nimekaa upande huu wa bunduki," akasema, "na ningepaswa kukaa ule. Bwana yangu alipigwa risasi. Lakini nasema mzee huyu asinyang'anywe. Wezi waliniulia bwana, na yeye peke yake ndiye aliwakimbiza. Amenilimia miaka hii yote. Mkichukua bunduki yake mmeniua mara ya pili."

Hakuna mtu alipiga makofi. Nilipoangalia dirishani hapakuwa na mtu.

Tukasikia chuma kikiwekwa mezani pale mlangoni. Na sauti yake: "Utaishika? Utaishika vizuri?" Afisa akajibu ndiyo. Tukasikia kalamu. Halafu akaingia, na mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona bila bunduki. Alitembea ameinama upande wa kulia, kwa vile alizoea uzito.

"Mama Kendi," akasema. "Hawakuwa wezi."

Mama Kendi alikuwa bado amesimama.

"Nilikuwa korongoni. Nikasikia kwato. Sikusikia kengele. Upepo ulikuwa unavuma. Nikauliza, nani? Mara moja. Sikuuliza ya pili, nikapiga. Alikuwa bwana yako, amezipata ng'ombe zenu tatu zilizopotea jana yake, anazirudisha. Kengele aliiziba mwenyewe, wezi wasimsikie. Nikapiga zingine mbili juu, nikaandikisha tulipigana na wezi."

Mama Kendi akauliza kitu kimoja tu.

"Alisema kitu?"

"Aliniita jina langu."

"Jina lako?"

"Jina langu. Mara mbili."

Mama Kendi akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka. Alirudi nyumbani peke yake, hatujui kwa gari gani.

Baada ya hapo nilifikiri kila kitu kitaanguka siku moja, kama nyumba. Mimi nilitaka iishe. Haikuisha. Polisi walikaa naye siku kadhaa, wakaandika, wakamwachilia, wakasema ataitwa. Sijasikia aliitwa. Alikuwa anaenda mwenyewe kuwauliza, na nilimkuta akirudi mara ya tatu, kwa miguu, akaniambia tu, "Wanasema nirudi nyumbani nikangoje." Watu wa projekti walikuja na shati lililoandikwa amani, wakataka wazunguke naye mikutano mingine. Akawarudishia shati limekunjwa. "Mimi si wa kuonyeshwa. Mimi nilimpiga mtu." Mwenyekiti na kamati wakasema amewauza, kwa sababu haukupita muda bunduki zingine tatu ziliitwa kituoni. Na miezi michache baadaye wezi walikuja kweli, wakachukua mbuzi wa maboma mawili, na aliyeibiwa alisimama nje ya ua wa Rizavu akapiga kelele, "Uliza sasa! Uliza mara mbili mbuzi zangu ziko wapi!" Hakutoka. Wa bunduki hawakumtaka, wa amani hakuwataka, serikali ilimwacha katikati.

Kuni aliendelea kuweka Jumamosi. Mama Kendi hakuzigusa. Zilirundikana langoni, mzigo juu ya mzigo, mpaka mchwa wakaingia.

Mimi nilienda kumwomba msamaha kwa ule mstari. Nilikuwa nimejipanga maneno mengi. Akanikatiza. "Wewe uliandika ulichojua," akasema. "Mimi ndio nilijua." Akanipa uji, akangoja nimalize kikombe.

Jumapili ya kwanza alikuja bila bunduki, na mzee wa kanisa akamfuata pale kwa jiwe akifurahi. "Sasa ingia! Hakuna cha kukuzuia." Akauliza Mama Kendi anakaa wapi. Akaambiwa mstari wa tatu, palepale siku zote. "Basi mimi niko hapa," akasema, akakaa kwa jiwe. Tulipoanza wimbo besi ikaingia. Mama Kendi akainuka, akapita mbele ya kwaya nzima, akafunga dirisha. Yale madirisha ni ya mbao, mbao mbili zinakutana katikati. Alizivuta zote, akaweka komeo, akarudi kuketi. Kutoka siku hiyo tukawa na besi watatu.

Alikaa chini ya hilo dirisha lililofungwa karibu mwaka mzima. Kisha Jumapili moja jiwe lilikuwa tupu, na nyumba yake ina kufuli.

Juzi nilienda mjini kutafuta fomu za chuo, na pale Makutano nikamwona. Ni soja, mlinzi kwa duka moja kubwa la hadiwea, kwenye geti la kuingizia malori. Amevaa sare ya buluu imemzidi, na mkononi ana rungu. Nilisimama kando nikashindwa nimwite nani. Rizavu si rizavu tena. Jina hataki. Nikangoja mpaka akageuka.

"Muga, mwari. Mama amepona?"

"Amepona."

"Mama amepona?"

"Amepona kabisa. Anakusalimu." Mama hakunituma salamu. Niliongeza.

Tukaongea kidogo. Anakaa chumba kimoja nyuma ya soko. Nikamuuliza anaimba wapi siku hizi. Akasema Jumapili huwa yuko zamu, vijana wengine wanataka kwenda kwao, yeye hana haraka ya kwenda popote. Rungu alikuwa amelilaza juu ya mkono, vile alikuwa akibeba ile nyingine. Dereva mmoja akampigia kelele, "Soja! Amka!" na alikuwa amesimama wima, macho wazi.

Sikuwa nimepanga kumwambia. Nilikuwa na haraka, ofisi zinafungwa saa sita. Lakini nikasema.

"Mama Kendi alifungua dirisha."

Akaweka rungu chini. "Siku gani?"

"Jumapili iliyopita. Tukiwa kwa wimbo wa pili. Aliinuka tu, akafungua, akarudi kuketi."

"Nilikuwa zamu," akasema.

"Najua. Tuliangalia nje, hakukuwa na mtu."

Lori likaja likasimama mbele ya geti, likapiga honi. Hakusogea.

"Alifungua yote ama nusu?"

"Nusu."

Dereva akatoa kichwa, akatukana. Rizavu aliinua mkono, ngoja, na akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mdomo ulikuwa unajaribu kutabasamu.

"Yote ama nusu?"

Zamani ningemwambia si nimeshakujibu.

"Nusu," nikasema. "Ule ubao wa upande wa jiwe."